Kuchagua kompyuta ya ol-in-wani isiyovunja mfuko: mwongozo kwa nyumba na skuli za Unguja na Pemba

Ol-in-wani ni ile kompyuta ya mezani isiyo na sanduku pembeni. Prosesa (ubongo wa mashine), RAM (kumbukumbu ya kazi iliyofunguliwa), diski (ghala la mafaili), spika na mara nyingi kamera, vyote vimo nyuma ya kioo. Juu ya meza unabaki na kioo, kibodi, mausi na waya mmoja wa umeme. Katika fleti ya Michenzani, ambako meza ya kompyuta ndiyo hiyo hiyo ya kupigia pasi, hilo si jambo dogo. Ila urahisi huo una gharama: kikifa kioo, mashine nzima imekaa, ikifa bodi, kioo kizuri kinabaki pambo. Ndiyo maana kabla ya kuuliza ina kasi gani, uliza kama inafunguka na kama kipuri chake kinapatikana. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unarudi kwenye swali hilo.

Hakikisha kwanza ndiyo unayoitaka

Kwa mtu anayehamahama, kama mwanafunzi anayekwenda Tunguu kila siku au mwalimu wa skuli mbili, nunua laptopu. Hivyo hivyo kwa nyumba inayotumia sola ndogo au sehemu ambayo umeme hupotea kwa saa nyingi, kwa sababu ol-in-wani haina betri ndani. Umeme ukikatika, nayo imezima hapo hapo.

Ipo pia njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji sana. Kama nyumbani tayari kuna monita nzuri, tafuta kikompyuta kidogo cha ofisini, ukubwa wa kitabu kinene, kinachofungwa nyuma ya monita: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Kazi ni ile ile, na kikiharibika kimoja unabadilisha kimoja. Kwa maabara ya skuli yenye mashine ishirini, sisi tungeanza na hivyo. Kwa ukumbi wa nyumba yenye watoto wadogo wanaovuta kila waya wanaouona, ol-in-wani inashinda.

Halafu andika kazi zake kwenye karatasi. Kuchapa, Excel, PDF za mitihani iliyopita, masomo ya video, Zoom, hesabu za duka: mashine ya kawaida inatosha. AutoCAD, kuhariri video na magemu mazito ni habari nyingine, na kwa bei tunayoizungumzia ol-in-wani si mahali pake.

Gawa pesa kabla ya kutoka nyumbani

Bei za kompyuta hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo tutasema kwa mafungu. Ukiwa na laki kumi, mashine yenyewe isile zaidi ya laki saba na nusu. Laki moja na nusu iweke kwa UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Kilichobaki ni cha kuongeza RAM, kubadili diski, na kununua kibodi. Anayemaliza mfuko mzima kwenye mashine huja kununua UPS baada ya bodi kuungua.

Ukipita maduka ya Darajani na Mlandege, au ya Chake Chake na Wete, utakuta makundi mawili. La kwanza ni mpya ya bei rahisi, ndani ya boksi lake, nyembamba, nyeupe, inavutia macho. Ndani mara nyingi mna prosesa dhaifu, Celeron kama J4005 au N4020, au AMD ya A4 au E2, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya TB 1. Kundi la pili ni mtumba wa ofisini, mwingi unapitia Dubai: nene kidogo, nyeusi, ina mikwaruzo mguuni. Ndani mna Core i5 yenye viini vinne au sita, yaani sehemu nne au sita za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja, wakati ile Celeron ina viwili tu.

Kati ya hizo mbili, chukua mtumba wa ofisini, mradi uupime kama tutakavyoeleza. Mpya ya Celeron itawaka vizuri dukani na itachosha roho nyumbani: ukifungua kurasa tano za intaneti na Word kwa pamoja, mausi inaganda. Mpya inayostahili pesa ni yenye Core i3 ya kizazi cha kumi kwenda juu, Ryzen 3, au angalau Intel N100, ikiwa na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8.

Kuna mitego miwili kwenye maboksi ya mpya. Ukisoma "GB 20 za kumbukumbu", uliza vizuri. Inaweza kuwa RAM ya GB 4 imejumlishwa na Optane ya GB 16, ambayo ni kisaidizi cha diski tu. Mtego wa pili ni hifadhi ya eMMC ya GB 32 au 64. Hiyo imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi, na sasisho mbili tatu za Windows huijaza hadi mlangoni.

Soma namba, acha stika

Stika ya i7 inauzwa peke yake, tena rahisi. Tazama jina kamili la prosesa. Katika Core i5-8500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hii ni ya nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza: i5-10500T ni ya kumi. Herufi T maana yake imepunguziwa umeme hadi wati 35, kwa hiyo haipashi sana mwili mwembamba. U ni prosesa ya laptopu. Neno "i5" peke yake halisemi kitu. i5-4590S ni ya mwaka 2014 na ina viini vinne. I3-8100T ni ya 2018, nayo ina vinne, na ndiyo ya kuchukua ingawa jina lake dogo.

Tunasisitiza kizazi cha nane kwa sababu moja. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama kilichomo ndani ya mashine. Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye kizazi cha sita, na itawaka, lakini hapo huna uhakika wa kupata masasisho makubwa yajayo.

Majina ya kutafuta ni haya. Kwa Dell, OptiPlex 5260 na 7460 ni za kizazi cha nane, 5270 na 7470 ni za cha tisa. Angalia tarakimu ya tatu, maana 7440 ni ya sita na 7450 ni ya saba. Kwa HP, EliteOne 800 G4 na ProOne 600 G4 au 400 G4 ni za kizazi cha nane. Kwa Lenovo, ThinkCentre M820z na M920z. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, kwa hiyo fundi hubadili diski na RAM bila ya kung'oa kioo, na vipuri vyake ni vingi kwa kuwa ziliuzwa kwa maelfu.

Bei ya kizazi cha nane ikikushinda, usishuke ukachukua Celeron mpya. Chukua cha sita au cha saba, kwa mfano EliteOne 800 G2 au OptiPlex 7440, uweke Linux Mint badala ya Windows, pamoja na LibreOffice badala ya Word na Excel, vyote bure. Kwa kuchapa, PDF na intaneti, mtoto wa skuli hatapungukiwa. Cha nne kiache, isipokuwa unapewa kwa bei ya kutupa.

RAM iwe GB 8. Hizi hutumia vijiti vifupi kama vya laptopu. Za kizazi cha nane ni DDR4, za cha nne ni DDR3L, na kimoja hakiingii kwenye tundu la mwenzake. Afadhali kijiti kimoja cha GB 8 na tundu moja wazi kuliko viwili vya GB 4, kwani siku ya kuongeza hutotupa kitu.

Diski iwe SSD ya GB 240 au 256. Kama pesa inatosha kuboresha kitu kimoja tu, kiwe hiki. Mashine ile ile inayochukua dakika mbili kuwaka kwa diski ya kuzunguka huwaka chini ya nusu dakika kwa SSD.

Kioo kiwe cha inchi 21.5 hadi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080. Za inchi 19.5 na 20 nyingi huishia 1600 kwa 900, na jedwali la Excel linakatika pembeni. Kioo cha kugusa si cha lazima, na kikivunjika bei yake inauma.

Na iMac? Nzuri kwa macho, lakini ile ya inchi 21.5 ya mwaka 2015 RAM yake imechomelewa, na kubadili diski kunahitaji kukata gundi inayoshika kioo. Kwa bajeti ndogo, iache ipite.

Dukani: nusu saa isiyokuwa na haraka

Nenda asubuhi, mashine ikiwa ya baridi. Chukua flashi, spika za masikio, simu yenye bando, na picha tano za rangi moja moja kwenye flashi: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Ukiikuta tayari inawaka, usione haya: "Shekhe, naomba uizime kabisa tuiwashe upya." Mashine yenye tatizo la bodi ya umeme mara nyingi hugoma kuwaka ikiwa ya baridi na hukubali ikishapata joto. Muuzaji anayeijua hiyo huiwasha kabla hujafika.

Inapowaka tu, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows: HP bonyeza F10, Dell F2, Lenovo F1. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, simamisha biashara hapo hapo. Mashine za makampuni hufungwa hivyo, na kwenye nyingi za ofisi kutoa betri ya bodi hakufuti neno hilo. Ukiwa ndani, soma jina la prosesa, kiasi cha RAM na namba ya utambulisho wa mashine (serial number), kisha linganisha namba hiyo na stika ya nyuma au ya mguuni.

Windows ikishafunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa Performance utaona jina la prosesa, RAM, matundu mangapi yamejazwa, na kama diski ni SSD. Kisha Windows na R, andika tpm.msc, uone kama TPM ni ya 2.0. Rudia Windows na R, andika slmgr /xpr. Ikikujibu kwa tarehe ya kumalizika, leseni hiyo si ya kudumu, na miezi michache mbele kioo kitaanza kukudai.

Kama Windows imepigwa upya na bado iko kwenye ukurasa wa kukaribisha, iunganishe na intaneti ya simu yako uendelee. Ikitokea jina la kampuni fulani na kuomba baruapepe ya kazini, mashine ingali imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Hata ukiifomati, itarudi pale pale. Wengi huikosa hatua hii kwa sababu muuzaji huwa keshaipita bila ya intaneti.

Diski ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure, iweke kwenye flashi kabla hujatoka. Kwa diski ya kuzunguka, tazama mistari 05 na C5: namba yoyote zaidi ya sifuri, hesabu bei ya SSD mpya na uikate kwenye bei ya mashine. Kwa SSD soma asilimia ya afya. Chini ya 80 bado inafanya kazi, ila umepata hoja ya kupunguziwa.

Sasa kioo, ambacho ndicho nusu ya ulichokuja kununua. Fungua picha nyeupe ijaze kioo chote, ongeza mwanga hadi mwisho, rudi nyuma hatua mbili. Tafuta umanjano kwenye kingo, mabaka meusi kama alama ya kidole kilichobonyezwa, na madoa kama ya chai kwenye pembe za chini. Hayo ya mwisho ni unyevu ulioingia baina ya matabaka, na hayafutiki. Picha nyeusi ifungue sehemu yenye kivuli uone mwanga unaovuja. Nyekundu, kijani na buluu zitakuonyesha nukta zilizokufa. Moja pembeni inavumilika. Tatu katikati, hapana. Tazama pia kwa ubavu: rangi zikigeuka kama filamu ya zamani, kioo ni cha daraja la chini, na watoto wawili wanaokaa pamoja hawataona kitu kimoja.

Cheza video ya 1080 kwa dakika kumi huku ukijaribu mengine: kila tundu la USB kwa flashi yako, la spika, kamera, maikrofoni, HDMI. Uliza HDMI hiyo ni ya kutoa au ya kuingiza. Ya kutoa inapeleka picha kwenye projekta, na skuli wanaihitaji. Ya kuingiza ina faida nyingine: siku bodi ikishindwa, kwenye baadhi ya modeli kioo bado kinaweza kutumika kama monita. Sikiliza feni. Mvumo wa kawaida ni sawa. Mkwaruzo au mluzi unaopanda na kushuka ni feni iliyochoka.

Wi-Fi iangalie kwa jicho lako. Ol-in-wani nyingi za ofisini zilinunuliwa bila ya kadi ya Wi-Fi kwa kuwa ofisi zilitumia waya, na mnunuzi hugundua akifika nyumbani. Dawa ni kidude cha USB cha Wi-Fi, bei yake ndogo, lakini kiombe hapo hapo kama sehemu ya bei.

Kibodi inayokuja na mtumba itazame herufi zake. Ya Kijerumani ina Z mahali pa Y, ya Kifaransa ina A mahali pa Q. Nunua mpya ya USB, umalize.

Mwisho, risiti. Iandikwe modeli, serial number, RAM, diski na muda wa gerenti. Mwezi mmoja ni haki kuuomba kwa mtumba, na uulize gerenti inahusu nini: maduka mengine huhesabu bodi tu, kioo hakimo.

Umeme: hapa ndipo zinapofia

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga tangu 2010. Aliyekuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 hahitaji kuelezwa maana ya waya huo kuharibika. Siku hizi kinachoua kompyuta ni ule mkatiko mfupi: unazima, unarudi kwa mshindo, unazima tena. Ule mshindo wa kurudi ndio unaopasua kapasita za bodi ya umeme.

Soma stika ya adapta au ya mgongo. Iandikwe 100 hadi 240V. Hiyo inavumilia volti zikishuka jioni wakati majirani wote wanawasha kila kitu. Kama mashine inatumia adapta ya nje, volti za adapta ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye mashine, na wati zisipungue. Adapta ya wati 90 kwenye mashine inayotaka 150 itawasha vizuri, kisha itazima ghafla ukifungua video. Watu huilaumu bodi bure.

UPS ya 650VA inatosha ol-in-wani moja. Mashine hizi hula kiasi cha wati 40 hadi 70 zikifanya kazi za kawaida, na betri ya 12V 7Ah iliyomo ndani, ikiwa mpya, itakupa kama dakika 20 hadi 40. Muda huo ni wa kuhifadhi kazi na kuzima. Usiendelee na somo hadi betri ikate. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS: inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mara moja na UPS inajizima. Fridge guard haichukui nafasi ya UPS, kwani kazi yake ni kukata na kusubiri, na kompyuta inataka isikatiwe.

Plagi iwe ya miguu mitatu ya bapa yenye waya wa ardhi. Mtumba wa Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Badili waya wote, usitumie kigeuzi kinachoacha ardhi nje. Ukigusa ukingo wa chuma ukahisi mtekenyo, ardhi haipo, mwite fundi umeme. Fyuzi ndani ya plagi iwe ya ampia 3 au 5. Ya 13 inachelewa mno kukatika kulinda waya mwembamba.

Kuhusu Tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, usiogope. Wati 50 kwa saa sita ni uniti 0.3 kwa siku, kama uniti 9 kwa mwezi. Kompyuta ya sanduku na monita yake hufika maradufu.

Kuivusha bahari

Ukiinunua Kariakoo au Unguja na inakwenda Pemba, safari ndiyo mtihani wa mwisho wa kioo. Ng'oa mguu. Weka kadibodi ngumu mbele ya kioo, isiyogusa katikati, kisha ifunge kwa taulo au sponji. Itie kwenye mfuko wa nailoni na ufunge mdomo kwa selotepu, maana maji ya chumvi yakirushwa sitahani hayaulizi mwenye mzigo. Boksi lisimame wima safari nzima; likilazwa, mtu atalipandishia gunia. Ukishuka Malindi au Mkoani, lipe hamali mmoja mkononi na umfuate. Usiliache liende na rundo la gari. Ikifika nyumbani ikae saa mbili tatu kabla ya kuwashwa, unyevu ukauke.

Mahali pa kuiweka

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na mashine hii hupumua kwa matundu ya mgongoni. Usiiweke mkabala na dirisha linalopokea kaskazi au kusi moja kwa moja. Katika nyumba za zamani za mawe na chokaa, ukuta wenyewe hutoa chumvi. Iache mashine shubiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho ya anayekaa, na dirisha liwe ubavuni.

Wakati wa masika usiiache wiki nzima bila ya kuwashwa. Nusu saa kila siku mbili inatosha kuifukuza rutuba ndani, kwa joto lake yenyewe. Kitambaa cha kufunika ni kizuri, lakini kitie baada ya mashine kupoa. Ukifunika ya moto unafungia mvuke ndani.

Mjusi wa ukutani ni adui wa kweli. Hupenda joto, huingia kwa matundu ya nyuma, na akifia juu ya bodi ya umeme huunganisha sehemu mbili zisizotakiwa kukutana, na mashine inalipuka fyuzi. Usizibe matundu kwa gazeti. Ondoa kinachomvuta: makombo ya mkate mezani, sisimizi, na taa inayokusanya wadudu juu ya kompyuta usiku.

Siku ya kwanza, kabla ya chochote, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uuwekee alama kwamba bando lina kipimo (metered connection). Usipofanya hivyo, Windows itashusha masasisho ya GB kadhaa usiku mmoja na vocha ya mwezi itakuwa imekwenda. Masasisho makubwa yafanye mara moja kwa mwezi palipo na Wi-Fi.

Kwa skuli

Nunueni modeli moja kwa chumba kizima, hata kama kuna ofa nzuri ya mchanganyiko. Mashine kumi za aina moja zinaazimana RAM, adapta na feni; kumi za aina kumi ni matatizo kumi. Kwa kila kumi ongezeni moja ya vipuri. Mashine ishirini zikiwaka pamoja ni kama kilowati 1.2, mzigo ambao njia moja ya soketi inaubeba, ila si kwa ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyengine. Igawanye kwa soketi za ukutani. Washeni kwa safu, tano tano, hasa kwenye jenereta. Wanafunzi wapewe akaunti za kawaida zisizoweza kuweka programu, na kila mashine ifungwe kwa waya wa kufuli kupitia tundu dogo la ubavuni.

Ikigoma

Inawaka taa lakini kioo cheusi: zima, chomoa, fungua kifuniko, toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha hadi ilie kaa. Kwa hewa yetu hii, utando kwenye meno hayo ndio sababu ya kwanza, na mafundi wengine hulipisha "kutengeneza bodi" kwa kazi hiyo ya dakika tano.

Kioo cheusi lakini sauti ya Windows inasikika: mulika tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kioo chenyewe kizima, kilichokufa ni taa za nyuma au bodi inayozilisha. Kinatengenezeka, usikubali haraka kununua kioo kipya.

Saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti zinakataa kufunguka zikisema si salama: betri ndogo ya bodi, CR2032, imekwisha. Inauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Inazima baada ya robo saa ya video: vumbi kwenye feni, au grisi ya prosesa imekauka. Brashi laini, kipulizo, grisi mpya. Kwenye mtumba wa kizazi cha nane, grisi hiyo mara nyingi haijaguswa tangu kiwandani, kwa hiyo lipa fundi aibadili mara moja mwanzoni.

UPS inapiga kelele na kuzima papo hapo umeme ukikatika: betri yake imechoka. Kwa joto letu hudumu miaka miwili, mitatu ikiwa na bahati. Hubadilishwa yenyewe, na UPS haitupwi. Kila mwezi chomoa plagi ya UPS ukutani, kompyuta ikiwaka na kazi ikiwa imehifadhiwa, uhesabu dakika. Zikishuka chini ya tano, agiza betri wiki hiyo hiyo.